Hamo Apita Lango Kubwa

"Mgeuzeni kiubavu," alisema Bruda Osbert, bawabu wa monasteri, akionyesha kilango cha waendao kwa miguu. "Au msimamisheni. Lango kubwa ni la farasi na magari."

Wabebaji walishusha jeneza. Walikwisha kujaribu, mbao zikakwaruza jiwe, wakarudi nyuma. Makaburi yalikuwa ndani, na njia ndiyo hiyo. Hawise, mke wa marehemu, hakulia. Hasira ilikuwa imekausha machozi.

"Bruda, huyu ni Hamo, mume wangu. Hilo tao juu ya kichwa chako alilijenga yeye. Kaanguka mnarani akikujengeeni, leo asimamishwe kama ufagio?"

"Amri ya abati, mkuu wetu wa monasteri, mama. Si yangu."

Amri! Zamani palikuwa na lango la mbao. Watu wa mji walipochoshwa na ushuru wa abati, wakalichoma. Ndipo abati akataka la mawe: minara miwili, chumba juu ya tao, na matundu ya mishale. Matundu yote yanatazama mjini. Waliobeba mawe ni watu wa mji hao hao, nao wakaachiwa tundu la panya.

Gari la ng'ombe likafika, limejaa marobota ya sufu ya abati. Osbert akafungua lango kubwa, kwaa!

"Kitendawili!" Hawise akapaza sauti.

"Tega!" wakaitikia majirani.

"Manyoya ya kondoo yaingia kifua mbele, mjenzi wa mlango aingia kiubavu."

"Hicho hakina jibu, shoga," akasema jirani yake Pernel. "Kina aibu tu."

Drogo, mwenye kuendesha gari, akavuta hatamu. "Bruda, gari linapita na chochote kilichomo?"

"Linapita. Unauliza nini wewe?"

Drogo akapanda nyuma, akasukuma robota la kwanza. Likatua matopeni, pu! Kisha la pili.

"Sufu ya abati hiyo!" Osbert akafoka.

"Itaoshwa. Jamani, mpakieni mzee."

Osbert alitazama kilango, akatazama nyuso zile, akasogea pembeni.

Magurudumu yakalia chini ya tao. Walipofika katikati, Hawise akashika pembe ya ng'ombe.

"Simama hapa, Drogo."

Nyuma, mpanda farasi alikuwa akipiga kelele apishwe. Hawise hakugeuka. Alikuwa ameinua uso, akiyatazama mawe moja moja, mkono wake ukiwa juu ya jeneza.