Mlango wa Rimoti

Mtaani kwao, nyumba yenye chumba cha kulaza gari ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya Nathaniel, afisa mipango, aliyehamishiwa Kibondo miaka kumi na mitano iliyopita na hajaacha kulalamika tangu siku aliposhuka kwenye basi. Chumba hicho alikiita gereji. Majirani walijua gereji ni mahali pa kutengenezea vitu, basi wakamletea pikipiki zilizokufa injini na baiskeli za kuziba pancha, naye akatoka kuwafukuza kwa hasira. "Watu wa huku hawajui kitu," akamwambia mkewe Ernesta, kana kwamba Ernesta hakuzaliwa Rungwe Mpya, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka hapo.

Fahari ya gereji ilikuwa mlango wake. Ulikuwa wa chuma, unaojikunja kwenda juu kwa mota, ukibonyeza rimoti. Nathaniel aliuagiza Dar es Salaam na kuufunga kwa kitabu cha maelekezo ambacho hakukisoma. Kwa ndani ulining'iniza kamba nyekundu, naye akaikata wiki ya kwanza kwa sababu iliharibu mandhari. Mlango mwingine hakuuweka, hata dirisha hakuliweka. Mwizi angepitia wapi? Swali la mwenye gari angepitia wapi halikumjia kichwani.

Likamjia Jumamosi ile, saa kumi na mbili asubuhi, siku ya harusi ya Aneth.

Aneth ni mdogo wake Ernesta, wa mwisho, aliyelelewa na dada yake tangu mama yao alipofariki. Alikuwa anaolewa Kasulu. Upande wa bwana harusi walitaka keki iagizwe Mwanza, wakasema keki za kupika nyumbani zitawaaibisha mbele ya wageni. Aneth akawajibu kwamba atakula keki ya dada yake au harusi yake haina keki. Ernesta alikesha siku tatu juu ya keki hiyo, ngazi tatu, nyeupe, na maua ya sukari aliyoyafinyanga moja moja mpaka vidole vikamuuma. Ijumaa jioni Nathaniel aliamuru ipakiwe garini kabisa, ili asubuhi kusiwe na mambo ya kizembe. Ikapakiwa. Mlango ukashushwa.

Umeme ulikatika, kisha ukarudi alfajiri kwa kishindo, na ndani ya gereji kitu kikalia kama kikaango. Nathaniel alipobonyeza rimoti, mlango ulipanda upana wa kiganja, ukashuka, ukatulia. Akabonyeza tena. Akausogelea mlango, akarudi nyuma, akainyanyua rimoti juu ya kichwa kama mtu anayetafuta mtandao kilimani. Akabadilisha betri. Akaupiga mlango teke, akachechemea kidogo, akamtazama Ernesta kuona kama ameona. Ernesta alikuwa ameona.

Mwishowe akampigia muuzaji wa Dar. Simu ilikuwa ya sauti kubwa, Ernesta akasikia yote.

"Hiyo ni kazi ndogo, mzee. Ndani kuna kamba nyekundu. Ivute, mlango utanyanyuka kwa mkono."

Nathaniel akakata simu, akasema mtandao ni mbovu.

Saa mbili likaja gari la kamati kumchukua, maana ndiye aliyepangwa kuzungumza kwa niaba ya upande wa bibi harusi, na fursa ya kushika kipaza sauti hakuwahi kuiacha ipite. Kabla ya kupanda alitoa amri. "Mwite huyo fundi wenu wa majembe ajaribu kufungua. Nimesema kufungua, sio kukata. Akikata mlango wangu nitajua pa kumpeleka."

Fundi wa majembe alikuwa Niyomwungere, mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara. Nusu ya mageti ya mtaa ule yalitoka mikononi mwake. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi wakimbizi, yeye ni raia mwenye kitambulisho, lakini anajua mdomo wa afisa mwenye hasira unavyoweza kumsahaulisha mtu uraia wake. Alipiga magoti, akamulika chini ya mlango kwa tochi ya simu, akaingiza waya wenye ndoano. Akautoa.

"Mama, hapa palikuwa na kamba."

"Ilikatwa."

"Nani anakata kamba ya kufungulia?"

Fundi akaelewa mwenyewe. Akasema mota imeungua na mnyororo umeganda, njia ni moja tu, grinda, akate bati upande huu mpaka huu. Kisha akakumbuka amri aliyoambiwa, akalizima grinda kabla hajaliwasha sawasawa. "Mwenye mlango aseme mwenyewe," akasema. "Mimi nina watoto, mama."

Saa tatu ikapita. Ernesta alimpigia mumewe mara nne, hapokei. Alisimama mbele ya bati lile. Hasira ya mlango ilikuwa ndogo. Hasira kubwa alikuwa nayo juu yake mwenyewe, kwamba kwa miaka kumi na mitano alingoja ruhusa ya mtu anayekata kamba bila kuuliza ni ya nini. Keki ipo hatua tatu kutoka alipo, na Aneth huko Kasulu atasimama mbele ya wakwe na meza tupu. Akampa simu Epifania, mama anayemsaidia kazi za nyumbani, akaenda nyuma ya nyumba kutafuta tundu ambalo alijua halipo.

Epifania ni mtu wa kuona tumbo la mtu kabla ya shida yake. Alimkalisha fundi kivulini, akamwekea ugali wa muhogo na maharage, na alikuwa ndio anaondoa sahani simu ilipolia.

"Mama yuko wapi?" Nathaniel alikuwa nje ya kanisa, kengele na vigelegele vikimfunika. "Fundi je? Amefungua?"

Epifania akashangaa. Miaka sita nyumbani humo, baba huyu hajawahi kuuliza kama kuna mtu amekula. Na kwa Kirundi chake, gufungura ndiko kula, tena kula kwa heshima.

"Ee, baba!" akasema kwa furaha. "Yafunguye! Yafunguye neza cane!"

"Safi sana! Mwambie aendelee hivyo hivyo. Na mama aje haraka." Simu ikakatika.

Ernesta aliporudi, Epifania alikuwa bado anatabasamu. "Baba amebadilika, mama. Ameuliza kama fundi amefungura. Nikamwambia amefungura vizuri. Akasema safi sana, aendelee hivyo hivyo."

Ernesta alimtazama Epifania, akaitazama sahani, akautazama mlango uliofungwa. Akajishika kiuno, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake la kwendea harusini. Alipoinuka alikuwa hacheki tena.

"Fundi, umemsikia mwenye mlango. Na ikija kuwa neno, mlango ni wangu pia. Nimesema mimi. Kata."

Grinda likalia mtaa mzima ukasikia. Cheche ziliruka, bati likaanguka kwa kelele, na ndani gari likaonekana, keki ikiwa wima vilevile, ua moja tu limedondoka. Ernesta akaendesha mwenyewe. Epifania akakaa nyuma ameikumbatia keki, Niyomwungere mbele na nguo zake za kazi, maana Ernesta alikataa kabisa aachwe.

Walifika ukumbini saa saba na robo. Aneth alipoiona keki inaingia aliwaacha wakwe mezani, akamkimbilia dada yake na shela lake lote, akalia begani kwake. Mama mkwe aliizunguka keki mara mbili, akauliza imetoka duka gani la Mwanza.

Ndipo Nathaniel akapanda jukwaani. Hakuweza kuacha sifa hizo zipite bila kuzikata kipande chake.

"Ndugu wageni, keki hii mnaiona hapa kwa sababu ya uongozi! Mlango uligoma. Nikaelekeza kwa simu nikiwa huku huku Kasulu. Nikauliza, fundi amefungua? Nikajibiwa kwa lugha yao," akabana pua kuigiza sauti ya Epifania, "yafunguye! Yafunguye neza cane!"

Ukumbi ulikuwa umejaa Waha na Warundi, waliojua kwamba yafunguye ni amekula. Kicheko kilianzia meza za nyuma, kikaja mbele kama maji. Nathaniel, aliyedhani wanamshangilia, akarudia. "Nikasema safi sana, mwambie aendelee hivyo hivyo!" Watu wakapigapiga meza. Mchungaji akafunika uso kwa programu ya harusi. Akarudia mara ya tatu.

Alirudi kwenye kiti akijifuta jasho, ameridhika. "Wameipenda hotuba. Lakini mbona wamecheka kiasi hicho?"

Siku nyingine Ernesta angemtafsiria kwa upole, akimpunguzia makali, kama alivyompunguzia makali ya kila kitu tangu aolewe naye. Leo alimgeukia na kumwambia kwa sauti ya kawaida, meza nzima ikisikiliza.

"Ulimsifu fundi kwa kula ugali. Mlango wako tumeukata katikati. Nimesema mimi ukatwe."

Nathaniel akaitazama meza, hakuna aliyeangalia pembeni kumsitiri.

"Sasa watu wataniona mimi nani?"

"Wameshakuona," Ernesta akasema, akainuka, akaenda kusimama kando ya Aneth aliyekuwa amemshikia kisu cha keki.