Roboti Iliyonyanyua Nyayo

"Haya ni kweli tupu, na nikidanganya pai za meza nzima ni juu yangu," niliwaapia wastaafu wenzangu mkahawani mjini Richland. "Roboti ya miguu minne ilikuwa ikipima mionzi ndani ya jengo letu la zamani la kutengenezea plutoni. Ilipofika kwenye mstari wa kutokea, ikasimama. Ikanyanyua mguu mmoja, ikangoja, ikanyanyua wa pili, kama sisi enzi zile marehemu Delbert mkaguzi akitupima soli kama zina mionzi kabla ya kutoka."

"Marehemu nani, we mzee muongo?" Delbert alikuwa nyuma yangu.

Meza nzima ikacheka. Nikatoa pochi.

Delbert hakucheka. Akaninong'oneza, "Ile ya kunyanyua miguu kakwambia nani? Mjukuu wangu ndiye anayeiendesha roboti hiyo, na alikatazwa kuisema."

Nami niliitunga asubuhi ile nikinyoa ndevu! Nikalipia pai zote. Yangu nikamsogezea Delbert.