Maji ya Sukari ya Hamissi

Alasiri moja Assia alikuwa uani kwake, mtaa wa Buyenzi, anakata mashina ya mawaridi kwa mshazari ili yanywe vizuri kabla ya kupelekwa kwa wateja wa mtaa wa Asiatique, mlango ukasukumwa na mumewe Hamissi akaingia akijishika ukutani. Miguu yake ilikuwa imekatwa juu kidogo ya vifundo, kwa mshazari, bila damu. Pale ilipokatwa palikuwa na rangi ya kijani.

"Salaam alekum."

"Waalekum salaam. Kiti kiko pale."

Hamissi alikuwa fundi magari. Mwaka uliotangulia alichukuliwa gerejini kwake mchana kweupe na watu waliokuja na gari lisilo na namba. Mafundi wote wa mtaa walikuwepo. Assia alipowauliza, kila mmoja alisema wakati ule alikuwa chini ya gari.

Sasa hakumuuliza kitu. Aliitazama ile miguu kwa jicho la kazi, akatia kwenye ndoo maji ya vuguvugu, sukari, nusu limau, na tone la javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo, ili maji yasioze. Kitu kilichokatwa hakiwezi tena kujitafutia chakula. Hulishwa kilicho tayari. Akazipunguza ncha kwa kisu kikali, akamsimamishia miguu ndani ya ndoo. Kufika magharibi uso wa Hamissi ulikuwa umechanua.

Kila asubuhi alimbadilishia maji. Alianza kupika chakula cha watu wawili, na kwa kuwa Hamissi hakula, alikula sahani zote mbili, ya pili ikiwa imepoa. Hawakuzungumza sana. Hata hivyo alikuwa na mtu wa kumwambia mvua inakuja.

Namegabe, mama wa Kikongo aliyemlimia maua huko Buterere, alileta kikapu chake kama kawaida, akatazama ndoo.

"Safari ingine uniletee samadi ya ng'ombe," Assia akamwambia.

"Ya huyu?"

"Nataka ashike."

"Mama Assia, samadi ni ya kitu iko na mizizi. Huyu utamuozesha."

"Mi najua."

"Kama unajua, basi."

"We lete tu."

Alijua kweli, ndivyo alivyowaeleza wateja wake kila siku. Lakini sukari humfanya aliyekatwa achanue tu, haimpi kesho. Samadi ilipofika aliichanganya na udongo kwenye beseni, akampanda Hamissi kando ya ukuta, kati ya mimea yake mingine. Mimea ile ilinawiri. Hamissi aligeuka manjano kuanzia magoti, na inzi wakaja.

"Inauma?"

"Apana. Lakini siyo chakula yangu."

Akamng'oa, akamwosha, akakata sehemu iliyooza na kumrudisha kwenye sukari. Alikuwa amekuwa mfupi.

Majirani walikuja kumsalimia. Djibril naye akaja na mfuko wa sukari. Gereji yake ilipakana na ya Hamissi, na tangu Hamissi achukuliwe alikuwa amebomoa ukuta wa kati na kuzitumia zote mbili. Assia akawamiminia chai.

"Djibril ndiye alibaonyesha bale batu ba gari mi niko wapi," Hamissi akasema, kwa sauti ya fundi anayeeleza injini ina nini. "Alitaka nafasi ya garaji."

Djibril alikoroga chai yake. "Hamissi amechoka," akasema.

Wengine wakakubali kwamba amechoka. Mmoja akauliza kama kuna mtu amepata mafuta ya gari wiki hii. Assia aliwatazama mmoja mmoja, na wote walikuwa wanatazama vikombe.

Siku ya Ijumaa shingo ya Hamissi ililegea. Assia akaiinua kwa kiganja, ikaanguka tena.

"Uniache sasa."

"Kaa kidogo."

"Nimekaa," Hamissi akasema.

Wakamwosha, wakamvika sanda, wakamswalia. Jeneza lilipotoka, Djibril alishika mbele, kwa sababu ni jirani na mabega yake ni mapana. Hakuna aliyemwambia aachie. Assia alibaki mlangoni na wanawake, akisikiliza sauti za wanaume zikienda na tahalili mpaka kwenye kona.

Kisha akaanza eda, ambayo mwaka mzima, kwa kuwa hapakuwa na maiti, hakuwa na ruhusa ya kuikaa. Wanawake wakarudi makwao. Kutoka chumbani alisikia nyundo za ile gereji pana zikigonga tangu asubuhi, na sauti ya Djibril ikiagiza spana.