Kidole Gumba cha Aselefech

Tangu mundu umkate juu ya kifundo cha mkono wakati wa kuvuna shayiri, kidole gumba cha Aselefech kilikuwa kimelala. Jeraha lilifunga vizuri, lakini kidole kiliinamia kiganja na hakikunyanyuka tena. Mtu mwingine angeridhika na vile tisa vilivyobaki. Aselefech alikuwa msokota nyuzi, na huko milimani Chencha wanawake husokota pamba, wanaume hufuma. Kila alipozungusha kijiti cha kusokotea, kidole kile kiliingia katikati na uzi ukakatika. Miezi minane mumewe alifuma kwa nyuzi za wake za watu, wala hakulalamika hata siku moja. Hilo ndilo lililomuuma Aselefech zaidi.

Daktari Tamirat, mpasuaji wa mikono, alifika kwenye hospitali ya bondeni mara moja kwa mwaka, kwa siku tatu tu. Zamu ya Aselefech ilikuwa siku ya tatu. Jana yake daktari alimweleza kwamba wanafanya utafiti. Wagonjwa wengine hupasuliwa wakiwa macho, mkono peke yake ukitiwa ganzi; wengine hulazwa usingizi kama zamani; halafu wanalinganisha ni mikono ya nani inayofanya kazi vizuri zaidi.

"Niwe macho nikiwatazama mnanichinja?" Aselefech alisema. "Hapana, mwanangu. Mimi nilazeni kama gogo, niamke mmeshamaliza."

Daktari alicheka, akaandika kwamba atalazwa, wala hakumsukuma.

Asubuhi akakaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, tumbo tupu, miguu baridi. Mfagizi aliyekuwa akipita aliiona ile miguu, akaenda akarudi na blanketi, akaifunika bila kusema neno. Hapo ndipo Itagegn alipotokea. Huyu alikuwa jirani yake wa miaka arobaini. Alikuwa ameshuka mlima tangu alfajiri, na kwenye jani la mgomba alikuwa amefunga mkate wa kocho, unga wa shina la mmea wa jamii ya mgomba, ungali na moto, umelowa asali.

"Shoga, umekonda! Hawa watu hawakupi chakula?"

"Wamesema nisile, Itagegn."

"Usile sahani nzima. Hili ni tonge la mkono wangu. Utaukataa mkono wangu?"

Kwa watu wa milima ile, anayekupenda hukulisha kwa mkono wake, nawe hufungi mdomo. Wala tonge moja halitoshi. Ukiishia hapo ni kama umemnunia mwenzako. Itagegn akamlisha la kwanza, la pili, na la tatu.

Sista Hirut, mtoa dawa ya usingizi, akatoka na karatasi zake. "Mama Aselefech, tangu jana usiku hujatia kitu mdomoni?"

Aselefech angeweza kusema hajala kitu. Lakini Itagegn, ambaye vidole vyake vilikuwa bado vinanata asali, akasimama.

"Amekula, binti yangu. Nimemlisha mimi. Yeye alikataa."

Hirut akavuta pumzi, akaketi kati yao. "Mama, nikikulaza na tumbo lina chakula, kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu. Unaweza kufa mikononi mwangu. Sikulazi leo."

"Kesho?"

"Kesho daktari hayupo. Ni mwakani."

Itagegn akajifunika uso kwa shuka lake. "Nimekuponza, shoga yangu! Mkono huu ukatwe!"

"Acha upuuzi," Aselefech alisema. "Mkono mmoja mbovu unatutosha." Kisha akamgeukia Hirut. "Na wale mnaowapasua wakiwa macho?"

"Wale hata wakinywa chai hawana neno. Tumeshawafanyia watu thelathini na wanane."

"Wanasikia maumivu?"

"Husikia sindano ya kwanza. Sikudanganyi."

Aselefech alikitazama kidole chake. Mwaka mzima tena wa nyuzi za watu. Akaweka alama ya gumba la kushoto kwenye karatasi ya kukubali.

Ndani, Hirut aliishika chupa ya dawa ya ganzi ndani ya kiganja chake mpaka ikapata joto, maana dawa baridi huchoma. Akatumia sindano nyembamba kuliko zote, akaisukuma polepole, akiuliza kila mara, "Naumiza, mama?" Iliuma kidogo, kisha mkono ukawa kama wa mtu mwingine. Wakasubiri nusu saa.

"Kano ya gumba imeoza, haifai," Daktari Tamirat alisema akiendelea kupasua. "Lakini kidole cha shahada kina kano mbili za kukinyanyua. Naazima moja."

"Chukua, mwanangu. Hakikuwa na matumizi nazo zote."

Akaiunga kwenye gumba. "Haya, mama. Nyanyua kidole cha shahada na gumba pamoja."

Aselefech akainua kichwa, akatazama. Gumba likatikisika, likanyanyuka! Miezi minane! Machozi yakamtoka.

"Sasa gusa kidole cha mwisho."

Akajaribu. Gumba liligoma njiani, limevutwa mno.

"Nimekaza," daktari alisema. "Ungelala, nisingejua mpaka nimeshakushona." Akafungua, akalegeza kwa upana wa punje ya shayiri, akaunga tena. "Rudia."

Likanyanyuka. Likashuka, likagusa cha shahada, cha kati, cha pete. Likafika cha mwisho, likakaa pale.

"Nimekigusa! Itagegn, nimekigusa!" Aselefech alipaza sauti, na nje ya mlango Itagegn akajibu kwa vigelegele mpaka Hirut akaacha kuandika akacheka, huku akimfuta Aselefech machozi.

Walimfunga mkono kwa plasta ngumu wiki nne. Plasta ilipotoka alifanya mazoezi aliyofundishwa, kila asubuhi bila kuruka, mpaka siku moja akaketi mlangoni, akachukua pamba, akazungusha kijiti. Uzi ukatoka mwembamba, ukarefuka, haukukatika. Alipojaza kijiti akampelekea mumewe kwenye kitanda cha kufumia. Mzee aliupitisha uzi kati ya vidole vyake, akaunusa, kisha akazing'oa nyuzi za watu zilizokuwa pale, zote, akaanza kitambaa kipya.