Mto Uliohama

Tulimzika baba chini ya mtufaha wake, theluji ilipoanza kuyeyuka. Nyuma ya mti ule ulipita mto Lech, na ng'ambo ya mto ilikuwa nchi ya Waalamani. Jioni, bila kufikiri, niliandaa bakuli lake la uji.

Kwetu shahidi wa mpaka huvutwa sikio. Utotoni baba alinivuta langu ukingoni pale hadi nikalia, kisha akanipa tufaha. "Ukiusahau mpaka, mwanangu, sikio litakukumbusha."

Mwezi haujaisha, mafuriko yakaja. Mto ukaacha njia yake, ukapita katikati ya malisho yetu. Kaburi likabaki ng'ambo.

Mfalme mzee alikuwa amewagawia wanawe nchi, na mjumbe wake, Ermbert, akaja kuweka mawe ya mpaka. Akashukia ukingo mpya.

"Bwana, si hapa," nikamwambia. "Mpaka ni nyuma ya mtufaha ule."

"Nani shahidi?"

"Mimi. Sikio hili lilivutwa pale."

Gundo, jirani wa ng'ambo aliyegombana na baba miaka yote kwa sababu ya mbuzi, akaangua kicheko. "Sikio gani, Swanahilt? Hilo la sungura?"

"Na lako je? Si baba alilivuta mpaka likalala?"

Watu wakacheka. Gundo hakucheka tena. Alivua kofia, akalishika sikio lake.

"Ni kweli, bwana. Marehemu alituvuta sote siku moja. Mto ulikuwa nyuma ya mti. Kipande kile chenye kaburi si chetu."

Nilimtazama kama simjui. Nikajua baba atarudi kwetu.

Ermbert alitusikiliza mpaka mwisho, kwa upole. "Wana wa mfalme wamegawana kwa mto," alisema. "Nao watauona huu unaopita sasa." Akaamuru mawe yashushwe pale pale, kwenye ukingo mpya.

Nililia mbele za watu. Gundo akanisogelea, kofia bado mkononi.

"Basi, dada. Mzee nitamtunza mimi. Ila akianza kunigombeza juu ya mbuzi, nitakuita uje umnyamazishe."

Sasa Gundo ndiye anayekata nyasi kaburini. Matufaha yakiiva, hunivushia kikapu kwa mtumbwi.