Nusaiba wa Kanda ya Nne

Mwaka ule wa tisini na sita wanawake wa Manzese walimpenda mtu asiyekuwepo duniani. Jina lake Nusaiba, karani wa bandarini, mwanamke wa kujaza mlango, na aliishi ndani ya kanda za kaseti zilizouzwa dukani kwa Hyder kule Kinondoni. Hadithi yake ilisomwa na mama mmoja aitwaye Benedicta, mwenye sauti nzito isiyo na haraka, na kila baada ya wiki mbili ilitoka kanda mpya. Wanawake wa mtaa walichanga wakanunua moja, wakaisikilizia barazani kwa Rukaiya fundi cherehani, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na redio kubwa ya kaseti, na betri zake alizianika juani tangu asubuhi.

Rukaiya naye alikuwa bonge la mwanamke, tusizungushe maneno. Katika hadithi zote alizowahi kuzisikia, mnene alikuwa mpishi au shoga mmbeya, kawekwa pale watu wapate wa kumcheka. Lakini Nusaiba alipendwa na injinia. Kwenye kanda ya pili walikwenda hotelini Kunduchi, Nusaiba akala samaki mzima kwa mikono miwili, na yule injinia akakaa anamtazama mpaka chakula chake mwenyewe kikapoa. Hapo baraza zima lilidai irudishwe, na Rukaiya akairudisha, mara tatu, mara nne. Alikuwa anaona raha mpaka machozi yanamlengalenga, na hakuona haya.

Raha hiyo aliihitaji. Alikuwa ameposwa na Mudathir, fundi magari wa hapohapo mtaani, na Mudathir alilelewa na shangazi yake, Bi Mwanabaraka. Bi Mwanabaraka ndiye aliyeleta begi la bibi harusi, na ndani yake, pamoja na khanga, udi na viatu, mlikuwa na gauni jeupe la kutoka Dubai. Rukaiya alilipima kwa macho tu akajua: kifua inchi thelathini na sita. Yeye alikuwa arobaini na sita. Bi Mwanabaraka alisema mbele za watu kwamba gauni haliguswi, ila mvaaji ndiye atakayelifuata, na amempa wiki sita na ndimu za kutosha za kujipunguzia.

Kwa fundi kama Rukaiya, kulifumua lile gauni na kuliongezea kitambaa ilikuwa kazi ya alasiri moja. Lakini nguo ya begi haitiwi mkasi. Bibi harusi akiikata kabla ya ndoa, amewaambia wakwe kwamba hawajui kununua, na posa zimevunjika kwa madogo kuliko hayo. Alipomuuliza Mudathir, Mudathir alimwomba amstahi shangazi kidogo, maana ndiye mama yake. Hilo ni jibu la mwanamume anayetaka amani na kila mtu, yaani si jibu.

Basi Rukaiya akanywa maji ya ndimu. Wiki mbili alikunywa, hata siku moja akashona shati la shule mkono nje ndani kwa kizunguzungu. Kanda ya tatu ndiyo iliyomwokoa. Humo mama yake injinia alimhesabia Nusaiba chapati, na Nusaiba akamtazama usoni, akachukua nyingine. Jioni ile Rukaiya alimwaga ndimu mferejini, akala chapati tatu na maharage ya nazi. Akajiambia kwamba akifika Nusaiba, na yeye atafika.

Ikaja kanda ya nne. Sauti ya Benedicta ilikuwa ileile, lakini Nusaiba aliyemsoma hakuwa yule. Nusaiba alifunga kula, akapungua, akakaza mkanda tundu baada ya tundu, na injinia alipomwona na kiuno chembamba akalia kwa furaha akamwoa. Ikaisha. Apolonia, jirani yake muuza vitumbua, alisema kwa sauti ya chini kwamba labda ndivyo inavyotakiwa. Rukaiya aliingia ndani akalia kama aliyefiwa.

Kesho yake alifunga safari hadi Kinondoni. Hyder alimsikiliza kwa adabu zote, akamweleza kwamba yeye ni muuzaji tu, hadithi huletwa imeshaandikwa, na hakuna mteja mwingine aliyelalamika. Rukaiya alirudi kwa miguu nusu ya njia, kwa hasira tu.

Kanda za dukani zilikuwa zimevunjwa vile vijino viwili vya mgongoni ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Lakini nani Manzese hakujua dawa yake? Rukaiya alitafuna kipande cha gazeti, akaziba matundu ya ile kanda ya nne, akaiweka redio juu ya cherehani na kubonyeza kitufe chekundu. Akamfuta Nusaiba mwembamba kwa sauti yake mwenyewe, huku wenzake wakicheka nyuma na kuku wakipita. Katika hadithi yake, Nusaiba aliletewa gauni dogo na wakwe. Alilibeba mpaka mlangoni kwao, akagonga, mkasi mkononi, mlango ukafunguka, na hapo kanda ikaisha. Rukaiya hakuwa amepima urefu wa kanda.

Apolonia aliiazima. Akaiazima mwingine, akainakili. Baada ya siku tano ilikuwa inasikika saluni na magengeni, na kila aliyepita kwa Rukaiya alitaka kujua kulitokea nini mlangoni pale.

Wiki moja kabla ya harusi Bi Mwanabaraka alikuja barazani mwenyewe. Wanawake waliokuwepo walisogea wakamwachia mkeka. Rukaiya alisimama akamwamkia shikamoo, akijua posa yake imekuja kuvunjwa mchana kweupe.

"Ni wewe uliyesema kwenye ile kanda?"

Shikamoo yake haikuitikiwa. Rukaiya alifikiria kukana, kisha akaona ameshachoka kujipunguza. "Ndiyo, shangazi. Ni mie. Na lile gauni silifuati. Mudathir alinichumbia hivi nilivyo, na hivi nilivyo ndivyo nitakavyokwenda."

Bi Mwanabaraka alikaa kwenye mkeka, taratibu, kwa kuwa naye hakuwa mwepesi.

"Mie nilikaa njaa siku nne kabla ya harusi yangu," alisema. "Nikaanguka mbele ya wageni. Nilikuwaga nadhani ndivyo tunavyofundishwa, na mie nifundishe." Akarekebisha khanga yake. "Nusaiba nimemsikiliza tangu kanda ya kwanza. Ile ya nne niliitupa uani. Sasa niambie, mlango ulifunguka, halafu ikawaje?"

Rukaiya aliingia ndani, akatoka na gauni jeupe mikononi, akalitandaza juu ya mkeka katikati yao. Akachukua mkasi. Akaanza kusimulia kwamba aliyefungua mlango alikuwa mama mkwe mwenyewe, na kwamba alikuwa peke yake nyumbani.

Bi Mwanabaraka alishika upande mmoja wa gauni kwa mikono yote miwili, akalivuta likanyooka.

"Kata," alisema, "na usisite kusimulia."

Rukaiya akakata.