Ukuta wa Wanafunzi wa Kwanza

Kitendawili. Umeshasema tega? Haya: wageni wangu huingia kwa mlango, kwa mlango hawatoki, na mchana kutwa wanacheka. Usiniambie kaburi, maana kaburini hakuna anayecheka. Umeshindwa, basi nipe mji. Fresno? Umenipa pazuri, kwa sababu chuo chenyewe kipo mwendo wa saa moja kusini ya hapo, katikati ya mashamba ya zabibu. Jibu ni ukuta.

Jumamosi ya Siku ya Familia, mwezi wa kumi, Eulalia Barragán alishuka garini na sufuria ya tamale, mikate ya unga wa mahindi yenye nyama, alizozifunga tangu alfajiri katika maganda ya mahindi, akaingia Nyumba ya Wanafunzi wa Kwanza. Chuo kiliijenga kwa ajili ya watoto ambao kwao hakuna aliyewahi kusoma chuo kabla yao. Wengi ni watoto wa wachuma zabibu, na wa wapanga nyanya kiwandani kama yeye. Mna zulia, mna kahawa ya bure, na upande mmoja kuna ukuta mrefu wenye picha, zilizochorwa kwa rangi, za wanafunzi waliovaa majoho, wote wakicheka.

Binti yake Nereida alikuwa ameshaingia ukutani mpaka kiunoni.

"Nibariki, Mama."

"Mungu akubariki, mwanangu. Umekula?"

"Bado."

Eulalia akafungua tamale moja akamlisha, kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa umekwisha kuwa rangi. Akamuuliza imeanza lini. Nereida akasema Jumatatu, miguuni, na haiumi, inawasha kidogo tu kama vumbi la mashambani.

Pembeni yao Don Tránsito, mzee wa kumwagilia mashamba, alikuwa akimpangusa mwanawe vumbi kwa leso. Kijana aliingia ukutani mwaka jana.

"Wako ana bahati, Doña Eulalia, kapata dirishani," alisema. "Wangu wamemweka nyuma ya mashine ya kahawa. Mwaka mzima ananusa tu."

"Labda kahawa yenyewe mbaya."

"Mbaya kweli. Nimeionja."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Wiki mbili nyuma, siku ya mtihani wa hesabu, bibi yake Nereida alikuwa na miadi kwa daktari wa figo. Nereida ndiye ulimi wa nyumba tangu ana miaka saba: yeye huongea Kiingereza na daktari, na mwenye nyumba, na watu wa umeme. Akaenda. Hakumwambia mwalimu kitu, kwa sababu kwao mambo ya nyumbani hayapelekwi kwa wageni. Usisumbue watu, ndivyo Eulalia alivyowafundisha wanawe wote. Basi akapata sufuri, akanyamaza, na rangi ikaanza kupanda.

"Kuna mtu yeyote hapa aliyekuuliza kwa nini hukufanya mtihani?"

Nereida akatazama sufuria.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika fomu ya kurudia mtihani. Ilikosa sahihi ya mshauri tu. Ikishatiwa sahihi, rangi hutoka kwa kitambaa cha maji. Msichana mmoja wa Delano aliipata akaenda zake, akabaki na kijani kidogo nyuma ya sikio.

Eulalia akaichukua, akapanga foleni kwenye dirisha la ofisi ya Bi Tafoya, mshauri, ambaye naye ni mtoto wa wachuma zabibu.

"Fomu zinakwenda kwa zamu, Doña. Yeye ni tarehe kumi na nane Novemba, saa nne asubuhi."

"Rangi itamfika machoni leo hii."

"Najua. Wanafunzi ni mia nane na kumi na wawili, na mimi ni huyu mmoja unayemwona. Nikimrukisha yeye, kuna mwingine anafunikwa."

Kucha zake mbili nazo zilikuwa zimeshakuwa rangi, ya manjano. Akazificha chini ya faili.

Eulalia aliporudi, rangi ilikuwa kifuani. Saa hiyo akaingia mkurugenzi wa Nyumba, Dakta Whitlock, na mpiga picha nyuma yake. Akachukua tamale, akaanza kuitafuna na ganda lake, na hakuna aliyemwambia kuwa ganda haliliwi. Eulalia, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumsumbua mtu, akamshika mkono wa koti.

"Mwambie atie sahihi," alimwambia binti yake.

Nereida akatafsiri kutoka ukutani. Mkurugenzi akaongea kwa muda mrefu, mkono kifuani.

"Anasema asante kwa tamale."

"Mwambie tena."

Akamwambia tena.

"Anasema wanajivunia sisi sana. Anasema robo ya wanafunzi wa chuo sasa ni watoto wetu, na waliomo ukutani wanahesabiwa pia, kwa kuwa hawajaacha chuo."

"Na sahihi?"

"Anasema sahihi ni kazi ya dirishani."

Mpiga picha akaomba familia zisogee. Don Tránsito akavua kofia. Eulalia akasimama karibu na binti yake, bega kwa bega, akahisi plasta ya ukuta ikiwa ya baridi mahali palipokuwa na bega. Mkurugenzi akaweka mkono wake upande wa pili. Picha ikapigwa mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza Eulalia hakuwa akitazama mbele.

Watu wakaenda kwenye keki. Rangi ilikuwa imepita kidevu. Eulalia akalowesha ncha ya kitambaa cha jikoni alichofungia sufuria, akasugua shingo ya mwanawe, akasugua tena. Kitambaa kikatoka safi.

"Mama, acha. Utaumia mkono."

Akaacha.

"Lile uliloniuliza, la mtihani," Nereida akasema, kwa haraka kidogo, maana mdomo wa chini ulishaanza kung'aa kwa rangi. "Waliniuliza tu napenda nichorwe na blauzi ya rangi gani."